Hiliki isikike kwa mbali: niliyoyasema kuhusu neno subtlety

Hii hotuba niliitoa Jumamosi kwenye ukumbi mdogo pale Upanga, waliokuwepo ni vijana wanaofanya kazi ya tafsiri na wengine bado wanasoma. Wachache waliniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivoongea, nimeongeza vitu viwili vitatu nilivosahau siku ile.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Asanteni kwa kuja na mvua hii, najua waliotoka Mbagala na Gongo la Mboto leo barabara imewatesa.

Nimekuja na neno moja tu, la Kiingereza, subtlety, yani hali ya kitu kuwepo bila kujionyesha waziwazi, na ndugu yake subtle ambalo linatamkwa satol, ile b haisikiki kabisa. Nimelileta hapa kwa sababu limenisumbua miaka mingi na kuna siku lilinifanya nikosee kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unaniuma, sa ngoja nianze na hilo kosa kabisa.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kutafsiri kipeperushi cha afya, kinaongelea magonjwa ya moyo, kurasa nne tu. Kulikuwa na sehemu ya wanawake, kwamba mwanamke akipata shambulio la moyo si lazima ashike kifua na kudondoka kama tunavoona kwenye sinema, kifua kinaweza kuuma ndio lakini pia inaweza kuja kama uchovu usioeleweka, pumzi kukata, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au ya taya. Hizo dalili Kiingereza kiliziita subtle. Mi nikaandika dalili ndogo ndogo, nikaendelea na mstari unaofata, sikusimama hata sekunde kumi.

Kikachapwa. Baadae nikamsindikiza mama mkwe zahanati, nikakuta kile kipeperushi kimebandikwa ukutani karibu na dirisha la kuchukulia dawa, na mbele yake kuna mama wa makamo anakisoma kwa sauti, kidole kiko kwenye mstari, anamsomea mwenzie ambaye nadhani miwani alisahau nyumbani. Akafika pale pale kwenye mstari wangu, kwa wanawake dalili huwa ndogo ndogo, akageuka akamwambia mwenzie, "Aa, kumbe kwetu sisi unakuwa mdogo mdogo tu, si kama wa wanaume." Yule mwenzie akaitikia, "Mungu katuhurumia."

Ndugu zangu niliganda. Nikawasogelea nikawaambia mama zangu hapana, haina maana hiyo, ugonjwa ni ule ule na unaua vile vile, ila dalili zake hazijionyeshi waziwazi, zinajificha. Yule mama akaniangalia akasema, "Sasa kwanini wameandika ndogo?" Sikuwa na jibu la kumpa pale. Jibu nimelitafuta mpaka leo na ndo hili nawaletea.

Tuanzie mbali, kwa Warumi. Kilatini kina neno subtilis, maana yake ya mwanzo ni chembamba, kilichosokotwa vizuri, na wataalamu wengi wanalichambua hivi, sub ni chini, na tela ni kitambaa kilichotandwa kwenye kitanda cha mfumaji. Yani ni uzi unaopita chini ya mtande. Hapa nisimame kidogo kwa sababu haya maneno yetu ya ufumaji yanatupotea. Mtande ni zile nyuzi zinazotandwa kwanza kwa urefu, zinavutwa zinakaza, af mshindio ni ule uzi unaopitishwa kwa upana, juu chini juu chini. Buibui naye anatanda, ndo maana tunasema utando wa buibui. Kwa hiyo Mrumi na Mswahili walikuwa wanaangalia kitu kimoja kabisa, na wote walitoa neno pale pale kwenye uzi.

Mjomba wangu alifanya kazi Urafiki pale Ubungo, kile kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina kikafunguliwa 1968, na sisi watoto alikuwa anatufundisha kununua khanga. Anaichukua, anaiinua mbele ya mlango jua lipite, anakwambia usiangalie maua, angalia nyuzi. Khanga mbaya ukiinua hivo unaona vitundu, nyuzi nene zimekaa mbalimbali. Nzuri huoni uzi hata mmoja, unaona mwanga tu umekuwa laini. Basi ule uzi usiouona ambao ndo unashika nguo nzima, hapo ndo neno hili lilipozaliwa. Halikuzaliwa kwenye udogo. Mimi nilienda kwenye udogo, na hilo ndo kosa lenyewe.

Kutoka Kilatini neno likaingia Kifaransa cha zamani, Wafaransa wakalitafuna ile b ikadondoka, wakawa wanasema soutil, sutil, na Waingereza wakalichukua hivo hivo wakaandika sotil. Watu wakaishi nalo vizuri tu. Baadae wasomi wa Ulaya walipoanza kukipenda sana Kilatini wakaona aibu, wakairudisha b kwenye maandishi ili neno lifanane na babu yake, ila watu mtaani hawakuwa na habari nayo, wakaendelea kutamka bila b mpaka leo. Ndo walivofanya kwa debt, ambalo lilikuja kama dette, na doubt ambalo lilikuja kama doute. Kwetu kila herufi inasemwa kwa hiyo hili linatushangaza, lakini mi nalipenda, neno lenye maana ya kitu kilichopo na hakijionyeshi, nalo limebeba herufi iliyopo na haisikiki. Imetokea tu, hakuna aliyepanga.

Sa maana zikaanza kutembea. Kutoka uzi mwembamba ikawa akili nyembamba, yani akili inayopenya pale ambapo akili nene haipiti. Hapo neno likagawanyika, maana akili inayopenya inaweza kupenya kwa wema na inaweza kupenya kwa ubaya. Chukueni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James. Mwanzo sura ya 3 inasema nyoka alikuwa subtle kuliko wanyama wote wa mwitu. Yetu ya Kiswahili, ile ya Union, inasema nyoka alikuwa mwerevu. Vizuri. Nenda Wakorintho wa Pili sura ya 11, Paulo anamkumbuka nyoka huyo huyo, Kiingereza kinasema alimdanganya Hawa kwa subtlety yake, Kiswahili kinasema kwa hila yake. Af nenda Mithali, sura ya 1 mstari wa 4, Kiingereza kinasema lengo la kitabu ni kuwapa wajinga hiyo hiyo subtlety, na Kiswahili kinasema kuwapa wajinga werevu.

Mmeona? Kitu ambacho nyoka anacho na kinatisha, ndo hicho hicho mwenye hekima anataka kumpa kijana wake. Na watafsiri wetu walikuwa na macho, hawakubandika neno moja kila sehemu, kwa Paulo walisikia udanganyifu wakaweka hila, kwenye Mwanzo na Mithali wakaweka werevu wakaliacha neno lisimame katikati, si baya si zuri. Mi nikisoma kazi ile nawaheshimu sana wale watu, walisimama kwenye kila mstari wakajiuliza, mimi sikusimama.

Na werevu kwetu ni neno la katikati kweli. Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, hapo mwerevu ni tapeli anayekula kwa mjinga. Lakini ukimsifia mtoto wa jirani kwamba ni mwerevu mama yake anafurahi. Hila ndo imeshaanguka upande mmoja, Kiarabu hila inaweza kuwa njia tu, mbinu ya kutoka kwenye jambo gumu, kwetu ukimwita mtu mwenye hila huyo hamkai meza moja.

Kuna padri mmoja lazima nimtaje, John Duns Scotus, Mskoti, mwanafalsafa, alifariki 1308 kule Köln Ujerumani. Alikuwa anachambua mambo kwa tofauti nyembamba mno mpaka wakampa jina la Doctor Subtilis. Karne zilizofuata mitindo ya kusoma ikabadilika, wasomi wapya wakawaona wafuasi wake ni wabishi wasiotaka kujifunza, wakawa wanawaita kwa jina lake, na kutoka hapo Kiingereza kikapata neno dunce, mjinga wa darasani. Mtu aliyesifiwa kwa wembamba wa akili jina lake likaishia kuwa tusi la ujinga. Mi hilo linanisikitisha kweli.

Kilichonivuta kuliko vyote ni sukari. Uingereza ya zamani, enzi za wafalme na makabaila, kwenye karamu kubwa kila baada ya mzunguko wa chakula kilikuwa kinaingizwa kitu kinaitwa sotelte, ndo subtlety hii hii. Ni sanamu ya sukari au ya unga wa lozi na sukari, wanatengeneza ngome, wanyama, watu, watakatifu. Na sukari wakati huo si ya kilo kwa mangi, ilikuwa inatoka mbali na bei yake ni ya matajiri tu, kwa hiyo kuichezea namna ile ilikuwa kuonyesha nguvu.

Mwaka 1429 alivishwa taji mfalme Henry wa Sita pale Westminster, mtoto wa miaka 7. Mama yake binti wa mfalme wa Ufaransa, baba yake mfalme wa Uingereza ameshafariki, na Waingereza wanadai Ufaransa nayo ni ya huyu mtoto, vita inaendelea huko. Sa kwenye karamu ikaingizwa sanamu, mtakatifu Edward wa Uingereza upande mmoja, mtakatifu Louis wa Ufaransa upande mwingine, katikati wamemshika mfalme mdogo. Na sanamu ilikuja na mashairi yake, yaliandikwa na John Lydgate, mtawa na mshairi. Hakuna mtu aliyesimama akasema Ufaransa ni yetu, bana. Sukari ilisema, watu wanakula, ujumbe unaingia.

Nilivosoma hilo nikamkumbuka mama mkubwa wangu. Alikuwa na ugomvi na shemeji yake, ugomvi wa muda mrefu, maneno yanapelekwa na kuletwa mtaa mzima wa Magomeni unajua. Ikafika harusi, wote wamealikwa. Mama mkubwa hakusema kitu. Alifungua sanduku akachukua khanga doti moja, moja akajifunga moja akajitanda, akaingia ukumbini taratibu, akamsalimia yule shemeji kwa adabu zote, habari za nyumbani, watoto hawajambo, af akageuka kwenda kukaa. Na mgongoni, pale chini ya mji wa khanga ambapo jina linakaa, imeandikwa Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Alitembea polepole mpaka kiti cha mbele kabisa. Utamshtaki kwa lipi? Kavaa nguo. Salamu katoa.

Kwa hiyo wakati Mwingereza anatengeneza sanamu ya sukari na mashairi pembeni ili aseme bila kusema, huku pwani kuna nguo ina pindo, mji na jina inafanya kazi hiyo hiyo, na haili mtu hela ya mfalme. Sisi tunayo maneno ya sanaa hii, tunaita fumbo, tunaita kijembe, kwenye taarabu tunaita mpasho. Ukikuta Kiingereza kinasema mtu alisema jambo kwa subtlety, mara nyingi alichofanya ni kufumba. Andika alifumba. Utaona sentensi inakaa.

Hilo la sukari halijafa pia, mwaka 2014 msanii mweusi wa Marekani, Kara Walker, aliweka ndani ya kiwanda cha zamani cha sukari cha Domino kule Brooklyn sanamu kubwa sana ya mwanamke mweusi mwenye kilemba, mwili wa simba, amefunikwa sukari nyeupe, na jina akaipa A Subtlety. Alikuwa anawakumbuka waliofanyishwa kazi kwenye mashamba ya miwa bila malipo. Neno la mezani kwa mfalme amelirudisha kwa waliokata muwa.

Kuna ndugu yake mwingine, nuance, nipite haraka. Hilo Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa, linatoka kwenye nue, wingu, yani vile wingu linavobadilika rangi kidogo kidogo. Ukipanda pantoni ya Kigamboni asubuhi mwezi wa nne utaona, baharini kuna wingu jeupe, kuna la majivu, kuna linaloelekea bluu, na huwezi kuweka kidole ukasema hapa ndo moja limeishia. Mvuvi pale Feri anazijua hizo tofauti kwa kuwa ndo zinamwambia aende au asiende. Kwetu rangi tunasema imekoza, imepauka, wekunduwekundu, damu ya mzee, ugoro. Ukienda Kariakoo kuchagua kitambaa cha sare ya sendoff utasikia zote hizo ndani ya dakika tano.

Na hapa ndo nataka nifike. Watu wananiambia Kiswahili hakina neno la subtlety. Nawaelewa, ukifungua kamusi unakutana na mstari mrefu, ujanja, hila, werevu, wembamba, ulatifu, unachanganyikiwa uchukue lipi. Lakini Kiingereza chenyewe kimejaza uzi, akili, nyoka na sukari ndani ya neno moja, sisi vitu hivo tumeviweka sehemu tofauti tofauti, na vingi hatukuviweka kwenye jina la kitu kabisa, tumeviweka kwenye namna ya kusema. Mtu anaumwa, na mtu anaumwaumwa. Umerudia tu kitenzi na maana imelegea, si mzima si wa kitandani, na msikilizaji kashajua aende kumuona kesho si leo usiku. Nipe maji, naomba maji, naomba maji kidogo, na yule wa tatu anataka glasi nzima kama wenzie. Mtoto, kitoto, toto. Mgeni akijifunza Kiswahili anavipata hivi mwishoni kabisa baada ya miaka.

Hilo ulatifu nisiliruke. Latifa wapo kila mtaa hapa Dar, na wengi hawajui jina lao limebeba nini. Kwenye Qurani sura ya 6 aya ya 103 inasema macho hayamfikii Yeye na Yeye anayafikia macho, naye ni Al-Latif, na watafsiri wa Kiingereza wengi wakifika hapo wanaandika the Subtle. Kwa Kiarabu latifu ni mpole, na pia ni kile chembamba kisichoshikika. Kiswahili kimechukua upole kikaacha ule wembamba, ndo maana ukiandika ulatifu leo msomaji atafikiria upole tu.

Sasa yale ya zahanati. Nilihangaika nayo muda mrefu, nikajaribu dalili fiche, nikaona ni neno la ofisini, yule mama halimfikii. Jibu nikalipata jikoni kwetu. Mama anapika pilau, mdogo wangu anatwanga hiliki, mama akamwambia, "Usiijaze, hiliki isikike kwa mbali." Nikaacha kila kitu. Isikike kwa mbali. Ipo, inafanya kazi yake kwenye sufuria zima, ukila unaijua, lakini haijitokezi ikakushika pua. Na sisi ladha tunaisikia, harufu tunaisikia, maumivu tunayasikia, kwa hiyo hilo kwa mbali linatembea kote huko. Hiliki kuwa kwa mbali haina maana ni kidogo thamani yake, ikikosekana pilau lote limeharibika.

Kile kipeperushi walipotaka kukichapa upya niliwaomba wanirudishie, sikudai hela. Pale palipokuwa na ndogo ndogo sasa pameandikwa hivi, kwa wanawake dalili zinaweza kuja kwa mbali, ukadhani ni uchovu wa kazi, lakini hatari yake ni ile ile, wahi hospitali. Nilimsomea mama mkwe kwanza kabla sijaituma. Akauliza, "Na mgongo nao umo?" Nikamwambia umo. Akanyamaza, af akaniambia wiki ile ya mvua mgongo ulimsumbua siku tatu na hakusema kwa mtu. Tukampeleka akapimwe, moyo ukaonekana uko salama, namshukuru Mungu.

Hapo ndo nilimaliza kuongea, yakaja maswali. Dada mmoja aliyekaa nyuma akauliza sasa tabasamu je, Kiingereza kinasema a subtle smile, utaandika tabasamu la kwa mbali? Nikamwambia mi ningeandika alitabasamu kwa mbali. Kaka wa Temeke akakataa, akasema hapo msomaji atadhani yule mtu yuko mbali, kasimama ng'ambo ya barabara, yeye anaandika alitabasamu kiaina. Mwingine akasema kiaina itachakaa miaka kumi tu haitaeleweka, bora katabasamu, ile ka ya mtaani inatosha. Mama mmoja mwalimu mstaafu akasema nyie wote mmesahau, zamani walisema uso ulimchanua kidogo. Hapo ukumbi ukagawanyika kabisa, wanaotaka kuchanua na wanaotaka kwa mbali, na mlinzi alipokuja kutuambia anafunga geti tulihamia nje chini ya bati tukaendelea, mvua bado inanyesha.